Koili Iliyokataa Kuzama

Maji yalimfika magotini tu, lakini jamaa alikuwa vitani. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, ufukweni kusini mwa Uingereza, na watoto waliziacha ndoo zao wakasogea kumtazama mtu mzima akigombana na fimbo. Kila alipoikandamiza koili ya detekta yake ya metali chini, iliibuka. Alipoikanyaga, kibanio cha mpini kikaachia: bomba la juu likabaki mkononi, la chini likaelea na koili yake, likimfuata kwa waya kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mtoto mmoja akamuuliza kama ameshapata samaki.

Misuli haikuwa na kosa. Koili nyingi zina hewa ndani ya ganda lake la plastiki, na mpini nao ni bomba tupu. Mtu angedhani dawa ni kufunga kipande cha risasi, ila risasi nayo ni metali. Detekta ingeshinda inajipigia kelele yenyewe. Ndiyo maana hata parafujo inayoshika koili ni ya plastiki, na wajanja humimina mchanga kwenye bomba la chini ili lizame. Kisha kuna uzito wa maji, karibu mara 800 ya ule wa hewa. Ukiipeleka koili kwa kasi ya nchi kavu, parafujo inalegea na koili inalala ubavu.

Na mlio wenyewe? Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika-badilika, uga huo huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali yoyote iliyo karibu, na mkondo huo hurudisha uga wake, ambao ndio detekta inausikia. Tatizo ni kwamba maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Kwa mashine ya masafa mamoja, bahari nzima ni sarafu moja kubwa. Mashine za mapigo hukwepa hila hiyo kwa subira: hukata umeme ghafla, husubiri sehemu ndogo mno ya sekunde hadi mwangwi wa chumvi ufe, ndipo husikiliza, kwa kuwa ule wa metali hukawia. Lakini nyingi hazijui kutofautisha pete na msumari, na jamaa alichimba misumari.

Alikuwa na mwenzake wa heshima. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutumia detekta kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Hakuipata, na lawama mojawapo iliangukia springi za chuma za kitanda.

Turudi ufukweni kwa jamaa: visa vilivyofuata havina urefu. Alipoinua koili juu, maji ya ndani ya bomba yalimmiminikia hadi kwapani. Vipokea sauti visivyo na waya vilinyamaza kisanduku cha detekta kilipozama, kwani mawimbi ya redio hayafiki mbali majini.

Kilichomuudhi hasa ni neno "haipitishi maji" lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ndani, kwenye kijitabu, herufi za sisimizi zilieleza kwamba inayosemwa ni koili peke yake. Huo si uuzaji, ni mtego.

Basi wewe unayetaka kununua, mwambie muuzaji alete beseni la maji, aizamishe mashine nzima mbele yako, na usitoke dukani bila parafujo mbili za akiba.