Muulize Shangazi wa Kitalu: Mwembe Umeninunia Sebuleni

Barua za mwezi huu zimetoka kwenye baridi: Minneapolis, Copenhagen, Leeds na Njombe. Walioziandika wana ugonjwa mmoja, kutamani tunda la kwao mahali ambapo mti wenyewe unatamani kuondoka. Salamu ndefu nimezikata, na habari za ndoa pia, isipokuwa pale ndoa ilipoingiliana na mbolea.

Mwembe au mke?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Minneapolis. Nilipanda kokwa la embe la supamaketi mwaka aliozaliwa binti yetu. Sasa binti yuko darasa la kwanza, mwembe umegusa dari, na haujatoa hata ua moja. Kila Januari majani yanapukutika, nami nazidisha maji. Mke wangu ameniambia nichague: mwembe au yeye. Nifanyeje? Njia Panda.*

Marahaba mwanangu. Mchague mkeo. Yeye amekwisha kukupa binti, mwembe haujakupa hata kivuli.

Sasa tuje kwenye mti. Mwembe wa kokwa, hata ukiwa Muheza kwenye udongo wake, huweza kumaliza miaka mitano hadi minane kabla ya kuzaa. Wako umefungiwa kwenye ndoo. Isitoshe, maembe mengi ya supamaketi za huko ni Tommy Atkins, na kokwa la Tommy Atkins halizai mtoto anayefanana na mama. Hata ukichanua, hujui utakula nini.

Kosa la pili ni hita. Mwembe hutoa maua baada ya kubanwa: kwetu huku hubanwa na kiangazi, Florida hubanwa na usiku wa baridi kiasi. Wewe umeuwekea nyuzi 22 mwaka mzima. Haujabanwa na lolote, basi kazi yake imekuwa kurefuka.

Na hayo majani ya Januari hayaanguki kwa kiu. Chukua jani moja, ligeuze, ulitazame karibu na mshipa wa kati. Ukiona vumbi jekundu lililofifia, na vumbi hilo linatembea, na juu yake pana utando mwembamba, huo ni utitiri. Unapenda hewa kavu ya hita kuliko unavyoipenda wewe. Yafute majani kwa kitambaa cha maji ya sabuni, chini na juu, kila baada ya siku chache mpaka uishe. Lakini usiumwagilie mti kwa huruma. Mti uliokosa mwanga haunywi, na maji yanayosimama kwenye udongo wa baridi huozesha mizizi. Tumbukiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudisha kopo mahali pake.

Ukitaka embe kweli, nunua mche uliobebeshwa wa aina fupi kama Pickering ya Florida, inayokubali kuzaa kwenye chungu. Utoe nje Juni, urudishe ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10, uuweke kwenye dirisha linalotazama kusini na taa ya mimea juu yake. Ule mrefu mtafutie mtu mwenye dari ndefu na asiye na mke.

Mche ndani ya khanga

*Shangazi, mama yangu anakuja Copenhagen kutoka Bagamoyo. Nimemwomba afiche mche wa embe dodo ndani ya khanga zake. Ameanza kuogopa. Nimtulize vipi? Binti wa Pekee.*

Usimtulize. Mama ameogopa kwa sababu ana akili.

Tangu Desemba 2019, abiria haruhusiwi kuingia nchi za Umoja wa Ulaya na mche, wala na matunda mengi mabichi, bila cheti cha afya ya mimea. Hiyo si roho mbaya ya watu wa forodha. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza barani Afrika. Miaka michache baadaye alikuwa amesambaa nchi nyingi, na mkulima wa maembe wa kwetu hajapumzika mpaka leo. Nzi huyo hakuomba viza. Huenda alisafiri ndani ya tunda la mtu aliyesema "ni moja tu".

Sheria hiyo, hata hivyo, imesamehe matunda matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Duriani asilibebe, abiria wenzake watamshtaki wao. Lakini nanasi! Mama anatoka Bagamoyo, Kiwangwa ya mananasi iko hapo hapo, nawe unamtuma dodo?

Nanasi likifika, lisokote taji la majani mpaka ling'oke. Bandua majani ya chini, moja moja, hadi uone vijinundu vya kahawia kwenye kikonyo: hiyo ndiyo mizizi inayosubiri. Liache taji likauke siku mbili tatu, kisha lipande kwenye chungu chenye udongo mwepesi wa kichanga, dirishani penye jua. Utangoja miaka miwili au mitatu. Likishakuwa kubwa na bado linajifanya halijui kuchanua, weka tufaa lililoiva ubavuni mwake na ufunike vyote kwa mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa. Tufaa linapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliamsha nanasi litoe maua. Wakulima wa kisiwa cha São Miguel, huko Azores, wanafukiza moshi ndani ya mabanda yao ya vioo kwa sababu hiyo hiyo. Wewe usifukize. Una king'ora cha moto na majirani.

Mkungu wa Leeds

*Shangazi, mimi ni Mchagga wa Leeds. Mgomba niliopanda nyuma ya nyumba umepita theluji mara mbili, na mwaka huu umetoa mkungu. Nimealika watu waje kula mtori. Jirani yangu Mwingereza anasema ndizi hizo haziliwi. Ni wivu? Mwana wa Marangu.*

Si wivu, mwanangu. Jirani amekuokoa.

Mgomba unaovumilia theluji, unaouzwa kwenye maduka ya mimea ya huko, ni Musa basjoo, asili yake kusini mwa China. Majani yake hufa kwa baridi, lakini shina la chini likifunikwa nyasi kavu huchipua tena. Ndizi zake ni vidole vifupi vyenye nyama kiduchu na mbegu nyeusi ngumu. Ukiwapikia wageni, wenye meno ya bandia hawatarudi. Mtori upike kwa ndizi mbichi za maduka ya Waafrika, na mkungu uache uning'inie watu waupigie picha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ndizi ya kuliwa haijawahi kuzaliwa Uingereza. Kusini mwa kwako, huko Derbyshire, lipo jumba la Chatsworth. Mtunza bustani wake, Joseph Paxton, alipata mgomba mfupi ambao ukoo wake ulitoka Mauritius. Ulichanua kwenye banda la vioo lenye joto Novemba 1835, na mwaka uliofuata ukazaa ndizi zaidi ya 100. Ukapewa jina la ukoo wa mwenye jumba, Duke wa Devonshire: Cavendish. Leo ndizi unayoikuta supamaketi za huko, karibu yote ni Cavendish. Kwa hiyo inawezekana, ilimradi uwe Duke, uwe na makaa ya mawe, na uwe na vijana wa kuyachochea usiku kucha. Waiceland wao hawana haja ya makaa: migomba ya shule yao ya kilimo cha bustani, karibu na Hveragerði, inazaa kwa joto la maji ya moto yanayotoka ardhini. Wewe una bili ya gesi.

Nimerogwa Njombe

*Shangazi, mimi ni mwalimu. Nimehamishiwa Njombe kutoka Tanga, nikaja na miche ya miembe. Asubuhi moja ya Julai nimeikuta yote imekuwa myeusi. Wenyeji wanacheka. Nimerogwa? Mgeni.*

Hujarogwa, umepanda mlima. Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 100 hupunguza takriban nyuzi 0.6. Umetoka Tanga ukapoteza zaidi ya nyuzi 10 bila kuvuka mpaka wowote. Juni na Julai hewa baridi huteremka usiku na kutulia bondeni, jalidi likaunguza majani machanga. Nawe, nina hakika, ulipanda bondeni ili uwe karibu na maji.

Wanaokucheka wana parachichi la Hass linalosafirishwa hadi nje ya nchi. Kawaombe mche uliobebeshwa, uupande kwenye mteremko. Ongeza pasheni ya zambarau, iliyozoea nyanda za juu. Ya njano iache pwani. Panda na matufaa, ambayo Tanga hungeyapata kwa dawa wala kwa dua, maana yenyewe yanataka baridi. Embe agiza kwa basi.

Majibu ya harakaharaka

*Mama Papai, Toronto:* Mwambie mumeo ang'oe huo msumari alioupigilia kwenye mpapai. Mpapai dume haugeuki jike kwa kupigwa. Panda mbegu za papai dogo la aina ya Solo, uzisugue kwanza ule utelezi utoke. Hizo hutoa miti ya kike na ya jinsia mbili, dume hakuna.

*Mpenda Bustani, London:* Tini inazaa nje, ukutani panapopigwa na jua la kusini. Komamanga litaishi, ila mara nyingi hukosa joto la kuiva.

*Aliyenitumia picha ya kokwa la parachichi kwenye glasi, limechomekwa njiti za meno:* Zuri sana kwa kupamba. Kwa kachumbari, usubiri pengine miaka kumi.

Kabla hujaniandikia wewe mwingine, simama dirishani mchana wa Desemba utazame mwanga ulio nao. Mwenye dirisha la kusini, taa ya mimea na subira ya miaka, apande. Asiye navyo anunue tunda dukani, ale, na hela ya hita amtumie mama.