Sifa za Mheshimiwa wa Kinyesi cha Njiwa

Wengine huku Ruanda, Mbozi, wasifu kahawa. Mimi namsifu mkazi wa chini ya banda la njiwa: Cryptococcus neoformans, kuvu wa jamii ya hamira, ndugu wa mbali wa ile inayoumua maandazi. Nani mwingine anaishi kinyesini kwa raha zake, kikikauka akapaa na vumbi hadi mapafuni mwetu, wala hadai nauli?

Tena ana adabu. Kwa mwenye kinga imara hujikalia kimya, pengine miaka. Akikuta VVU imeshamaliza kinga, hapo ndipo ujasiri unapompanda: anakwea hadi ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Shujaa huyo, anapigana na aliyekwisha kuanguka!

Lakini sifa yake kubwa ni mavazi, na fundi wake ni jeni iitwayo PKA1. Jeni hii hutoa kimeng'enya cha aina ya kinasi, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine na kuziamsha. Kimeng'enya hicho kina mlinzi wake, Pkr1, anayekishikilia kisifanye kazi. Kuvu akihisi kwamba sasa yumo mwilini mwa mtu, mlinzi huachia, na koti nene la sukari hushonwa hadi seli zetu za kinga zikashindwa kummeza. Koti lisipomtosha, anavimba: seli ya mikroni 5 hadi 7 inaweza kufika 100. Haya, amezwe na nani?

Wanasayansi walipoiondoa PKA1, koti lilisinyaa na kuvu akashindwa kuwaua panya. Walipomwondoa mlinzi, koti likazidi unene, na ukali nao ukazidi.

Sasa aibu. Sukari ya koti hilo humwagika kwenye damu, na kijiti cha kipimo huinasa kwa dakika 10 hivi. Maridadi anaumbuliwa na koti lake mwenyewe! Katika utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa 2015, wagonjwa wa VVU waliopimwa hivyo na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za dawa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28 kuliko wenzao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una VVU na seli zako za kinga aina ya CD4 ziko chini ya 200, ulizia kipimo hicho kliniki kabla kichwa hakijaanza kuuma.