Maharage ya Kigiriki, Mkaa wa Kitangiri

Kumpikia mgeni Ilemela, hapa Mwanza, si kazi ya kuumiza kichwa. Unashuka Mwaloni Kirumba asubuhi, unachagua sato mwenye macho maangavu, mnavutana bei kidogo, na kufikia saa saba mchana mgeni anajilamba vidole. Tabu huanza mgeni anapokuwa Muorthodoksi na Kwaresima imeingia.

Mdogo wa mke wangu ndiye huyo. Amekulia Bukoba, katika Kanisa la Kiorthodoksi lililo chini ya Patriaki wa Alexandria. Sisi Wakatoliki Ijumaa ya Kwaresima tunaacha nyama, kisha tunajipa pole kwa sangara wa kukaanga. Wao hawana mzaha huo. Nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana, na samaki ni hapana pia, isipokuwa tarehe 25 Machi na Jumapili ya Matawi. Hata mafuta, kwa anayeshika mfungo sawasawa, ni ya Jumamosi na Jumapili. Mwambie mtu wa Igombe aishi hivyo siku arobaini, atakuuliza amekukosea nini.

Shemeji akapiga simu kwamba angefika Jumamosi, na kwamba moyo wake ulikuwa unatamani gigantes, chakula alichowahi kupikiwa na Wagiriki: maharage meupe makubwa yaliyookwa na nyanya, vitunguu na mafuta ya zeituni. Maelezo ya kupika akamtumia dada yake kwenye simu. Mimi nikakabidhiwa kapu.

Maharage yenyewe yenye sifa hulimwa kaskazini mwa Ugiriki, kando ya maziwa ya Prespa na Kastoria. Kwa hiyo nao ni watu wa ziwa kama sisi, ila wao wamejaliwa maharage. Sokoni Kiloleli nilimweleza muuzaji ninachotaka. Akanionyesha ya njano. Nikasema makubwa kuliko hayo. Akaleta yenye mabaka mekundu. Nikasema meupe, na kila moja liwe na urefu wa kucha ya dole gumba. Aliitazama kucha yangu, akanitazama na mimi mwenyewe, kisha akafunga hoja: "Baba, haya ukiyapika yanakua." Nikachukua meupe ya kimo cha kati, ambayo weupe wake ulikuwa umeanza kuingia umanjano kwa kukaa sana ghalani.

Mafuta ya zeituni niliyapata kwenye duka la vipodozi. "Ya ngozi au ya maombi?" akauliza dada wa dukani. Nikamwambia ya kupikia. Akamwita mwenzake kutoka nyuma aje asikie. Kichupa kilikuwa cha kuficha kiganjani, na kwa bei ile ningeondoka na lita nzima ya alizeti. Nyumbani tukakubaliana kwamba alizeti itangulie na zeituni ifuate kwa matone, maana Wagiriki wako mbali.

Ikabaki oveni. Maelezo yalitaka nyuzi 180 kwa saa moja na nusu, na katika uga wetu wa Kitangiri jirani mmoja tu ndiye mwenye jiko la umeme la namna hiyo. Ijumaa jioni tukaenda kulijaribu. Alipolifungua tukakuta ndani masufuria, trei ya mayai, daftari la mtoto lililotafutwa muhula mzima, na shehena ya mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019, imekunjwa vizuri kungojea siku serikali itakapobadili mawazo. Tukatoa vyote, au tulidhani vyote. Mfuko mmoja uliokuwa umejibanza nyuma ukayeyuka, na moshi ukatutoa nje sote. Jirani alipokwenda kuangalia mita ya LUKU, akarudi na sauti ya upole sana: "Mlisema saa moja na nusu?" Tukashukuru, tukaaga.

Jumamosi saa tatu maharage yalikuwa jikoni, kwenye mkaa uani, yakiwa yamelowekwa usiku kucha. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda. Saa nne akashuka shemeji, mkoba begani na mwiko mkononi hata kabla ya chai. Akaona maji yanatokota, akaona bakuli la nyanya zilizokatwa, akazimimina zote. "Wagiriki hawacheleweshi nyanya," akasema.

Kuanzia dakika ile maharage yaligoma. Tindikali ya nyanya hukaza kuta za chembe za maharage, yasilainike upesi hata uyakokee msitu mzima. Tena maharage ya siku nyingi ni magumu yenyewe. Na Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi na hayapandi tena. Saa nane mtoto alionja moja, akalitema, likadunda sakafuni.

Chombo chenye manahodha wengi huenda mrama. Mama mwenye nyumba akatoka na kikopo chake. "Ng'wanawane, tia magadi." Mke wangu akapinga, magadi yataharibu ladha. Wakati wanabishana, kijiko kikaingia. Magadi na nyanya havijawahi kukaa chungu kimoja kwa amani: povu jekundu likapanda, likavuka ukingo, likazima nusu ya mkaa.

Shemeji akatufariji kwamba tuvumilie, hiki ni chakula cha kale cha kina Sokrates. Njaa haikuniruhusu kunyamaza. Maharage ya jamii hii na nyanya asili yake ni Amerika, na Ulaya vilifika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Sokrates alikufa hajavionja, na kwa kasi ya sufuria lile tungemfuata.

Aliyetuokoa ni mama wa Tanga anayekaa chumba cha mwisho. "Wagiriki mimi nawajua, walikuwa na mashamba ya mkonge kwetu," akasema, na hakuna aliyethubutu kuuliza mkonge unahusianaje na maharage. Akamwaga mchuzi, akayachemsha upya kwa maji matupu mpaka yakapondeka kati ya vidole. Nyanya mpya alizikaanga pembeni na vitunguu, saumu na karoti. Akachanganya kwenye sufuria pana, akalikalisha juu ya mchanga ndani ya sufuria kubwa zaidi, kama wanavyooka keki, akapalia makaa juu ya kifuniko: chini machache, juu mengi. Alipofunua saa mbili usiku, mchuzi ulikuwa umeshika, ukingoni umeiva hadi weusi kidogo, na maharage ya juu yamepasuka ngozi. Shemeji alirudia sahani. Mama mwenye nyumba alikula kimya, akafuta mdomo, akauliza samaki wake yuko wapi.

Nawe ukitaka kuyapika, huhitaji oveni wala maharage ya Prespa. Nunua maharage ya msimu huu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, yachemshe mpaka yaive kabisa, maana yasiyoiva hukorofisha tumbo. Nyanya zije mwisho, kisha palia. Na mgeni, hata akiwa shemeji, asipewe mwiko.