Kitufe cha Theluji Mocímboa

Sijui ni nani aliyewaambia watu wa pwani hii kwamba gari zuri ni lile lenye vitufe vingi. Siku hizi mtu akija kutazama gari linalouzwa hapa Mocímboa da Praia, Msumbiji, haulizi springi, wala haulizi injini inakula oili kiasi gani. Anachungulia usukani, anahesabu vitufe, kisha anatoa sauti ya kitaalamu: "Lina kruzi?"

Hivyo ndivyo shemeji yangu alivyonunua gari lake la Kijapani, ambalo na mimi nina hisa ndani yake, ingawa kila nikiombwa mchango naona hisa zangu zote ziko upande wa matairi. Lina kruzi, ndiyo. Ukifikia mwendo unaoutaka unabonyeza, unatoa mguu kwenye mafuta, na gari linashika mwendo huohuo mpaka uguse breki. Jambo jema. Ila kruzi za kawaida haziitiki kabla hujafika kama kilomita 40 kwa saa, na zikishaitika zinataka njia iliyonyooka, kavu, isiyo na wenyewe. Nitafutieni basi, jamani, kipande cha barabara ya N380 kati ya Awasse na Macomia ambapo dereva atakwenda dakika tano mfululizo bila kukutana na shimo, mbuzi, lori lililovunjika ekseli, au mto Messalo ulioamua kuja kuitembelea barabara. Na zile nyakati ambazo magari husafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi, mwendo haupangwi na kitufe cha mtu. Unapangwa na lori la saruji lililo mbele kabisa, na dereva wake hana haraka na nyumba ya yeyote.

Shemeji hajali. Kila akipata mita mia mbili za lami anabonyeza, kitaa cha kijani kinawaka, naye anakunja miguu juu ya kiti. "Shem, ona! Sina mguu kabisa!" Mimi namwona mbuzi. Anashusha miguu, anakanyaga breki, kruzi inajizima, mbuzi anapita kwa heshima zake zote. Sasa, karibu na kile kitufe cha kwanza kipo cha pili, ambacho kazi yake ni kulirudisha gari kwenye mwendo uliokuwa umewekwa kabla ya breki. Shemeji alikibonyeza tukiwa 50, tunaingia kijijini, akidhani ndicho cha kuzimia. Gari lina kumbukumbu nzuri kuliko yeye. Lilikumbuka 90. Kuku wa kijiji kile mpaka leo wakisikia injini ya Kijapani wanapanda juu ya paa.

Aliyebuni kitu hiki, mtakataa nikiwaambia, alikuwa kipofu. Aliitwa Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1890 na kupoteza macho akiwa na miaka mitano. Alikuwa akiendeshwa na wakili wake, na wakili huyo alikuwa na tabia moja: akizungumza anapunguza mwendo, akisikiliza anaongeza. Gari likawa linakwenda kwa kusitasita kufuata mazungumzo, na Teetor, asiyeona njia, akaona ugonjwa huo kuliko wote wenye macho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali yao iliweka kikomo cha maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56, ili kuokoa mpira wa matairi na mafuta, na hilo nalo likamtia hamu ya kupata chombo cha kumshikia dereva mwendo. Hataza aliipata mwaka 1950, na mwaka 1958 Chrysler wakaanza kukifunga kwenye magari yao ya kifahari.

Nimempenda sana mzee huyu. Amenieleza shemeji yangu kwa usahihi ambao dada yake hajaufikia. Shemeji naye huendesha kwa ulimi. Akisimulia habari za mpira tunatambaa mpaka baiskeli zinatupita. Ukianza wewe kusimulia anakanyaga mafuta, kwa sababu hasikilizi, anasubiri umalize. Kama kruzi ingefanya kazi kwenye njia zetu ningemlipia yeye mwenyewe ifungwe kifuani. Na ile kilomita 56 ambayo Wamarekani waliiona adhabu ya vita, kwetu ukiipata kutoka Awasse mpaka mjini unapiga simu nyumbani kuwaambia waweke wali motoni.

Tuje kwenye dashibodi. Hapo ndipo gari linapotuambia shida zake, na sheria ya rangi ni rahisi, duniani kote inafanana. Kijani na buluu ni taarifa tu: kitu fulani kimewashwa, buluu ikiwa ni taa kubwa za mbele. Njano ni onyo, nenda lakini usisahau. Nyekundu ni simama. Shemeji ameipunguza sheria hiyo ikabaki kipengele kimoja: kama gari bado linavuta, taa inasema uongo.

Tulikuwa tunatoka Mueda, mama mkwe ameketi mbele, mke wangu na mimi nyuma na gunia la maharage. Hatujafika Diaca taa nyekundu ikawaka, ile yenye picha ya kopo la oili lenye mdomo mrefu na tone. Shemeji akaitazama, akaongeza redio. Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani na hana haja nao, akasema, "Mwanangu, birika limewaka. Simamisha tunywe chai." Tulicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anataka chai. Na kwa kuwa shemeji anaweza kubishana na injini lakini hawezi kubishana na mamake, tukasimama. Tulipofungua boneti, filta ya oili ilikuwa imelegea na mstari mweusi umetufuata kwenye lami kwa umbali ambao sikupenda kuutazama. Taa ile haisemi oili imepungua. Inasema msukumo wa oili umekwisha, na injini ikizunguka hivyo dakika chache tu bearingi zinaanza kujitafuna zenyewe. Katika watu wanne wenye macho mazima, aliyesoma dashibodi sawasawa ni yule aliyeona birika. Chai tulikunywa, na sukari nikalipa mimi, mwenye hisa.

Kuhusu ile taa ya njano yenye umbo la injini, sitaki kusema mengi kwa sababu nusu ya magari ya mji huu yamezibwa mahali hapo kwa mkanda mweusi. Ukitaka kujua kama muuzaji ni mwungwana, geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za onyo za dashibodi zinatakiwa ziwake pamoja kidogo, kisha zizimike injini ikianza kunguruma. Ile isiyowaka kabisa ndiyo yenye siri. Labda imekufa yenyewe, labda imeuawa. Shemeji hakugeuza ufunguo. Alikuwa anahesabu vitufe.

Kimojawapo kina picha ya theluji. Naapa. Mocímboa da Praia, mahali ambapo mchanga wa Januari unaivisha yai, tuna kitufe cha theluji. Kitabu cha maelekezo kipo, kinene, kimejaa Kijapani mwanzo mpaka mwisho, na mpwa wangu alikipiga picha kwa simu ikatutafsiria kwamba kitufe hicho hulifanya gari liondoke kwa gia ya pili ili matairi yasizunguke bure mahali penye utelezi. Basi ndicho kitufe pekee katika gari lile chenye faida. Masika yakija, njia za ndani zikiwa uji, shemeji anabonyeza theluji na tunatoka kwenye tope tukiwa na adabu. Hakukilipia hata senti. Kruzi ndiyo iliyopandisha bei.

Halafu yuko mwanamke. Ukiwasha gari tu, kutoka mahali fulani chini ya dashibodi, mwanamke wa Kijapani anasema sentensi moja, kwa upole sana, ananyamaza. Kwa miezi mama mkwe alikuwa anaitikia salamu. Mpwa akaweka simu karibu, tukaambiwa kwamba bibi yule halalamiki chochote kikubwa, anakumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi haijachomekwa. Za huko Japani. Kwetu anayetaka kulipwa njiani husimama mwenyewe, hahitaji kadi. Mama mkwe hakukubali tafsiri hiyo. Anaendelea kuitikia.

Hata piska, yaani taa za kuonyeshea kona, zina fitina zake. Magari ya Kijapani mengi yana mkono wa piska upande wa kulia wa usukani na wa waipa kushoto. Yale yanayopanda kutoka Afrika Kusini mara nyingi ni kinyume. Kwa hiyo ukisimama kwenye njia panda kiangazi, jua kali, huna haja ya kumwuliza mtu gari lake la zamani lilitoka wapi. Ukiona anakata kona na waipa zinafagia vumbi, huyo alihama juzi. Na piska yenyewe ikiwaka usidhani umeelewa. Lori la mbele likikuonyesha kulia huenda linakwambia usinipite, kuna gari linakuja. Huenda linakata kulia. Huenda dereva aliiwasha Macomia akasahau. Wapo pia wanaowasha zote nne wakati wanakwenda moja kwa moja, nami bado natafuta wa kunieleza hao wanamwarifu nani kuhusu nini. Ukiona matawi mabichi barabarani, hapo sasa umeelewa: mbele kuna gari bovu. Sheria inataka pembetatu mbili, na watu wanazo, zimo buti, safi kabisa, zinasubiri kuonyeshwa askari.

Taa za mbele ndizo zilizotumaliza. Swichi yake ina sehemu ya kujiwasha yenyewe, na shemeji akaiacha hapo kwa sababu ndiyo sehemu ya bei ghali. Mchana kweupe taa zikawa zinawaka. Sasa huku kwetu gari lenye taa mchana linaitwa na kila mtu: mwenye pikipiki anakufumbia na kukufumbulia vidole, watoto wanapiga kelele "taa! taa!", na zikiwa gari mbili tatu pamoja watu wanasimama kando na kuvua kofia wakidhani ni maziko. Tulipewa pole za msiba ambao hatuujui kutoka Awasse mpaka mjini. Fundi mmoja wa umeme ndiye aliyegundua. Juu ya dashibodi, karibu na kioo, kuna kidude cheusi cha mviringo ambacho hupima mwanga wa nje, kikiona giza kinawasha taa. Na juu ya kidude hicho shemeji alikuwa anaweka kofia yake ya kushonwa. Gari lilikuwa linaishi usiku wa kudumu chini ya kofia.

Nasikia Ulaya tangu 2011 magari ya miundo mipya hulazimishwa kuwa na taa za mchana, na Japani tangu 2020 magari ya miundo mipya lazima taa zijiwashe zenyewe giza likiingia, hata dereva asitake. Wanajua wenyewe sababu zao. Lakini mji huu uliwahi kukaa bila umeme baada ya kituo cha umeme cha Awasse kuharibiwa mwaka 2020, na mtu aliyepita hayo anapenda kuamua mwenyewe ni lini aonekane na ni lini asionekane. Kwenye kizuizi cha jeshi, kwa mfano, jioni, adabu inajulikana: punguza taa za mbele, washa ya ndani, nyuso zionekane. Kitufe kimoja kizimwe, kimoja kiwashwe. Hakuna mtaala.

Jioni ile ya kutoka Mueda tulikuta hapo askari wa Rwanda. Tangu walipoingia mji huu na jeshi letu Agosti 2021 tumezoeana, na Kiswahili chao kinatosha kabisa. "Mzee, punguza taa." Shemeji akausukuma mkono wa taa, akampa taa kubwa zote mbili machoni. "Mzee!" Akavuta: waipa. Akabonyeza: hazadi, kisha theluji. "Washa ya ndani." Hakuna aliyejua ya ndani iko wapi, kwa kuwa tulilinunua gari mchana. Askari akaja dirishani, akaingiza mkono juu ya kichwa cha shemeji, akaiwasha yeye. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema tuzime injini. Alipomaliza kuangalia buti akasema tuwashe, tuondoke, na bibi yule wa chini ya dashibodi akasema sentensi yake.

Askari akarudi dirishani. "Nani huyo ameongea?"

"Ni gari," shemeji akasema. "Linataka kadi ya kulipia barabara."

Kijana akafikiri kidogo. "Mwambie hapa hatulipishi."

"Waalaikum salaam," akasema mama mkwe.

Taa ya ndani hatukuweza kuizima. Tulipita mtaa mzima wa Nanduadua tukiwa tumewashwa, saa ambayo kila mtu amekaa barazani, na asubuhi wakaja shangazi wawili wa upande wangu kuniuliza, kabla hata ya chai, kwa nini mke wangu anapandishwa gari pamoja na gunia la maharage.