Chuo cha Biashara cha Ndoo Moja ya Nyanya

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo una kijana ndani ya nyumba, simu mkononi, anakula kama fundi ujenzi. Kule Philadelphia, shule ya biashara ya Wharton, iliyoanzishwa mwaka 1881, hupokea wanafunzi wa sekondari wakati wa kiangazi na kuwafundisha mambo ya fedha na uongozi. Mwenye uwezo ampeleke mwanawe. Sisi wengine tufungue chuo barazani.

Ada ni ndoo moja ya nyanya. Usimnunulie. Mpe hela aende mwenyewe soko la Ilala alfajiri, apigwe kama walivyopigwa wenzake, mpaka ajue kufukua nyanya za juu na kutazama za chini.

Vyeo mvigawe siku hiyohiyo. Yeye mkurugenzi, mdogo wake mkaguzi wa hesabu, bibi ndiye bodi. Bodi ina haki ya kuuliza chochote saa yoyote, na haichukui nyanya za bure.

Mtaala wote ni daftari. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo nataka mzazi ukae chini na mwanao. Tuseme ndoo imemgharimu shilingi 20,000 na bodaboda 3,000. Amepanga mafungu 60, kila fungu 500. Kichwani tayari ana 30,000. Ameona faida ya 7,000 na ameshaipangia viatu. Siku ya tatu jioni, mafungu 8 yameoza, na mengine 6 yamekwenda kwa majirani kwa ahadi ya "nitakuletea kesho". Akihesabu kikopo anakuta 23,000, hela ileile aliyotoka nayo. Faida ipo, 3,000, lakini yote imelala kwa majirani. Jioni hiyo kijana anajua kwamba faida si lazima iwe hela mkononi, jambo lililofunga maduka ya watu wazima wengi.

Sasa akadai. Hili ndilo somo gumu kuliko yote, maana mdaiwa ni mama wa rafiki yake. Mfundishe kuanza na salamu: "Shikamoo mama, nimepita kwa ajili ya lile fungu la Jumanne." Akipewa tarehe aiandike mbele ya mama, na arudi tarehe hiyo. Wewe usiende kumdaia hata kama mama huyo ni shoga yako.

Viatu havinunuliwi kwa hela ya kikopo, maana huo ni mtaji. Anayekula mtaji hafukuzwi chuo. Anarudi Ilala na ndoo ndogo.

Julai ikikaribia, chuo kifungwe rasmi. Junior Achievement, iliyoanzia Marekani mwaka 1919, huwapa wanafunzi nafasi ya kuunda kampuni, kuuza bidhaa za kweli, kisha kuivunja kampuni na kufunga hesabu. Nanyi fanyeni hivyo: madeni yakusanywe, mtaji wako urudi, mkaguzi apewe chake, bodi isomewe hesabu kwa sauti.

Mzazi, Novemba hii anza na hela ambayo nyumba yako inaweza kuipoteza. Nyanya zikioza, usimfidie.