Jogoo wa Dakika ya Tatu

Aliyewahi kuanika betri juani anajua kwamba hazijai. Zinapata ahueni tu, kisha zinakata roho palepale unapozihitaji. Wimbo wetu ulirekodiwa kwa betri za namna hiyo, uani, redio kaseti ikiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nasi vijana tuliotoka shule juzi tukiamini kwamba Mlimani Park na Msondo wangetutafuta wenyewe. Hawakututafuta. Wimbo ukabaki na beti mbili, kiitikio, na chemko lisilofika popote, maana betri zilizimika watu wakiwa wameshapandisha mori.

Betri zikichoka wakati wa kurekodi, mkanda unatembea polepole. Ukija kuupiga kwenye redio yenye umeme wa uhakika, unakimbia na sauti zinapanda. Ndiyo maana wimbo wetu unaanza na wanaume wazima na kumalizika na watoto wa chekechea. Prodyuza wa studio moja ya Sinza, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, alipousikia alivua vipokea sauti akaniamkia upya.

"Shikamoo mzee wangu. Huku kupandisha sauti kidogokidogo hivi, mlijifunzia wapi?"

Nikamwambia ni mambo ya zamani, hawezi kuelewa.

Nilimweleza habari ya Beatles ili ajue sikuja kwa mzaha. Mwaka 2023 walitoa "Now and Then", wimbo ambao John Lennon alijirekodi nyumbani New York miaka ya 1970, yeye na piano yake. Wenzake walijaribu kuumalizia mwaka 1995, miaka 15 baada ya yeye kuuawa, wakauacha, hadi kompyuta ilipokuja kuitenganisha sauti na piano. Kijana akasema programu ya namna hiyo anayo. Akabonyeza, akasubiri, na kweli gitaa likaenda upande wake na sauti zikaenda upande wao. Kwenye sauti tulikuwa waimbaji wawili na jogoo.

Alikuwa jogoo wa jirani. Anaingia dakika ya tatu, kiitikio kikiisha, kwenye pengo ambalo mpiga solo wetu alipaswa kulijaza ila alikuwa anajikuna. Kompyuta haikuwa na shaka naye hata kidogo.

Ugumu ukawa kwenye maneno. Ubeti wa kwanza kijana anaandika barua, wa pili anasubiri jibu kwenye sanduku la posta la shule. Wa tatu hatukuutunga, kwa hiyo maskini yule amesubiri tangu enzi za Mwinyi. Prodyuza akashauri tuseme binti amembloku. Nikakataa. Nikarudi nyumbani nikampigia mke wangu kaseti. Alisikiliza akichambua mchele, kichwa chini, mpaka lilipofika jina la binti. Jina lenyewe lina silabi nne. Silitaji hapa kwa sababu gazeti hili linaingia nyumbani kwangu.

"Huyo aliitwa, akaitika?" akauliza.

Tukakubaliana jina litoke, liingie lake. La kwake lina silabi mbili, na mizani haitaki mchezo, basi nikaliimba mara mbili. Akasema namwita kama mtu aliyepotelewa na soksi. Lakini ubeti wa tatu ni yeye aliyenipa: binti alijibu, barua ikafika shuleni, mwalimu wa zamu akaifungua na kuisoma paredi. Waliosoma zama zetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Zamani bendi iliingia studio ya Redio Tanzania nzimanzima, ikapiga kwa pamoja, na aliyeharibu aliwaonea aibu wenzake. Siku hizi kila mtu anakuja siku yake. Mpiga besi alikuja, akapiga, akaondoka bila kuonana na mtu. Mpiga solo alifika na miwani ya kusomea, akakana kwa kiapo kwamba lile pengo lilikuwa lake. Mpiga dramu ndiye aliyetutoa jasho. Prodyuza alimvalisha vipokea sauti vyenye kile kidude cha kuhesabu mapigo, tik, tik, tik. Mzee akapiga kidogo, akasimama.

"Hiki kidude kinachelewa."

"Mzee, hakiwezi kuchelewa, ni kompyuta."

"Basi kompyuta yako haijazoea kupiga na wenzake."

Wakarudia. Kila wakifika kwenye chemko mzee alikuwa mbele, kidude nyuma, na hakuna aliyekubali kumsubiri mwenzake. Mwishowe prodyuza akakizima kimyakimya, na mzee akapiga akitabasamu, akisema sasa kimeanza kuelewa.

Tuligombana pia kuhusu urefu. Kijana alitaka dakika tatu, tuanzie kwenye chemko, kwa kuwa watu wa TikTok hawana subira. Lakini ukitoa mwanzo umetoa barua, sanduku, mwalimu na paredi. Unabaki na wazee wanaocheza bila sababu. Tukaishia dakika sita, jogoo akiwemo. Sauti zetu zote zilinyooshwa kwa oto-tyuni, yangu zaidi. Ya jogoo prodyuza aliipima, akasema ipo sawasawa, haihitaji kitu.

Nikautuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Mpiga besi akaweka moto, mpiga solo akauliza nani kalijaza pengo lake. Usiku sana ikaingia sauti ya mpiga dramu: "Nzuri. Ila mwambieni huyo jogoo anawahi."