Barua ya Wazi kwa Kamati ya Siku ya Mazingira: Yah. Futikamba

Waheshimiwa wajumbe,

Awali ya yote, hongereni. Wanafunzi wetu wa bonde la Msimbazi wamefunzwa wakafunzika. Kila tarehe 5 Juni wanajua wajipange saa ngapi, ngonjera ipi waighani, na "oyee" waitikie kwa sauti gani mgeni rasmi akiutaja mto. Uongozi wa mazingira ndio huo: kusimama juani na fulana mpya hadi kiongozi afike.

Mti nao unapandwa kwenye shimo lile lile la mwaka jana, maana wa mwaka jana haukupata wa kuumwagilia. Chupa za maji za meza kuu huufikia mto kabla hotuba haijaisha.

Ila kuna jambo linanitia wasiwasi. Mwalimu mmoja wa jiografia amewasomea watoto Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kusoma si kosa. Tatizo ni kwamba watoto wameazima futikamba kwa fundi mwashi, wakateremka bondeni kupima. Sasa wanauliza ukuta ule uliomo ndani ya mita hizo ni wa nani na kibali alikitoa nani. Mtoto wa darasa la sita anadai kibali!

Mwalimu hajatosheka. Anataka kuwapeleka vilima vya Pugu, wafunue mawe kijitoni watafute mabuu ya kereng'ende, kisha waufuate mto hadi Daraja la Selander unapoingia baharini, waone ni wadudu gani wamesalia. Anasema wapo wadudu wa majini wasiovumilia uchafu na wapo wanaouvumilia, hivyo ukiwatazama umeujua mto. Yaani shahidi asiyepokea bahasha!

Wakizoea haya, masika Jangwani ikifurika hawatakubali tena kwamba mwenye kosa ni mvua. Watataja taka, tope linaloshuka kutoka juu, na ule ukuta.

Basi amueni. Mnyang'anyeni mwalimu futikamba, ngonjera ziendelee. Au fedha za fulana za mwakani zinunue futikamba kwa kila shule ya bondeni na zilipe basi la kwenda Pugu. Mkichagua hili la pili, mwambieni mgeni rasmi awahi. Watoto wana maswali, na wameshapima.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa bondeni